Wifi Amerudi

Kwenye lango la hifadhi yetu ya ufukweni kuna kantini, na mlangoni mwa kantini kuna ubao mweusi. Kila asubuhi mama wa kantini huandika kwa chaki kilichopo na kisichopo, kwa Kiswahili chake mwenyewe: CHAI YUPO. MAYAI WAPO. SODA HAWAPO. WIFI HAYUPO. Kwake kila kitu ni mtu. Ukimuuliza, anakwambia gesi ana kiburi kuliko binadamu yeyote aliyewahi kumjua, sasa kwa nini amwite kitu? Mistari ya juu hubadilika. Ule wa chini alikuwa haufuti kabisa, maana mtandao wa pale ulikuwa ukirudi kwa dakika chache unakata tena.

Mkasa wangu wote umo katika mstari huo wa chini. Kwa mdomo hakuna anayekosea: ya kwenye simu tunaiita waifai, na mke wa kaka yako ni wifi, kila mmoja na lake. Lakini ukishaandika, herufi ni zilezile. Kinachokuokoa ni kitenzi tu. Wifi imerudi, washa simu. Wifi amerudi, fungua mlango. Na mama wa kantini, Mungu ampe maisha marefu, kitenzi chake ni kimoja kwa wote.

Wifi yangu, huyu wa kuitika, ni fundi miwani. Kaka alipomuoa nilijiandaa kumchukia kwa adabu, na maneno nilishayapanga. Siku ya kwanza alipokuja kwangu akanikazia macho, akasema, "Wifi, wewe huoni mbali."

"Naona vya kutosha," nikamjibu. "Nimekuona wewe ukiingia."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa darubini kwenye mkoba, akanivuta dirishani, akanionyesha ndege mweupe aliyesimama juu ya nguzo ya umeme mwisho wa mtaa. Nilikuwa nimeishi mtaa ule tangu utotoni, na kila nikikiona kitu cheupe pale juu nilidhani ni sehemu ya umeme. Baada ya muda mfupi alinitengenezea miwani, na Jumamosi iliyofuata akanipeleka hifadhini. Yale maneno niliyoyapanga sijui yalipotelea wapi.

Hifadhini kuna uwanda mpana wa tope ambao bahari huufunika na kuufunua. Ndege hutoka huko mbali kaskazini, baridi ikianza kuwatia adabu, wakaja kula kwenye tope letu hadi kwao kupate joto tena. Wakifika huwa wamechakaa, rangi imewatoka kama nguo zilizoanikwa sana. Wakikaribia kuondoka wamenona, wamevaa manyoya mapya ya rangi ya kutu, utadhani wote wamealikwa harusi moja. Wifi alinifundisha nisiende maji yakiwa yamekupwa, maana nitawaona kama punje za pilipili manga huko mbali. Niende maji yanapojaa. Hapo bahari yenyewe inawasukuma hadi kwenye fungu la mchanga mbele ya kibanda cha kuchungulia, nawe umekaa tu kwenye benchi na chai yako.

Wadogo wanaokimbizana na mawimbi ni vitwitwi. Mkubwa, mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, ni sululu, jina moja na kile chombo cha kuchimbia, na kweli kazi yake ni kuchimba. Huyo ndiye tuliyempenda. Kila msimu ukianza tulishindana nani atakuwa wa kwanza kumwona sululu, na aliyeshindwa anabeba vikombe kurudisha kantini. Nimebeba vikombe miaka yote. Nilimwambia wazi kwamba ni mchezo wa dhuluma, kwa sababu miwani yangu ameitengeneza yeye.

Halafu yeye na kaka yangu wakaachana.

Kaka ni fundi wa majokofu, mtu mwema, na simsemi vibaya. Ila nyumba yao ilikuwa imepoa muda mrefu, na hata yeye, pamoja na ufundi wake, hakujua pa kugusa. Waligawana vitu bila kelele. Jokofu likaenda kwa kaka, makochi kwa wifi, sufuria nusu kwa nusu. Hakuna aliyeuliza mimi nakwenda upande gani. Wifi akapata kazi kwenye kliniki ya macho katika mji mwingine, akahama.

Hatukugombana. Wala hatukuagana. Kilichotushinda, kwa upande wangu, kilikuwa jina. Kwenye simu yangu alikuwa ameandikwa Wifi, basi, kwa sababu tangu siku ya kwanza sikuwahi kumwita vingine. Nilikuwa nafungua ujumbe, naandika "Habari", kisha nakwama. Habari wifi? Wifi wa wapi tena, wakati ndoa haipo? Habari mtalaka wa kaka yangu? Hiyo ni ya kusomewa mahakamani. Habari dada? Dada namwita kila anayeingia dukani kutoa fotokopi. Jina lake ninalijua, bila shaka, lakini kumwita kwa jina ingekuwa kama kupiga hodi kwenye mlango wa jikoni mwangu mwenyewe. Nikawa nafuta. Ndege wakavaa kutu yao, wakaondoka, na mimi msimu ule sikukanyaga hifadhini. Nilimkosa mtu yule kuliko nilivyowahi kumkosa kaka yangu, ambaye nakula naye kila Jumapili.

Msimu mpya ulipoanza nikajikaza, nikaenda peke yangu. Vitwitwi walikuwapo, sululu bado. Benchi lilikuwa refu mno kwa mtu mmoja. Wakati wa kutoka nikasimama kwenye ubao, nikamwambia mama wa kantini, kwa kutafuta tu la kucheka, "Mama, huyu wifi wako siku akirudi, nitumie ujumbe. Nataka nishuhudie kwa macho yangu."

"Akirudi nitakutumia," akasema. "Ila usikae ukingoja, utazeeka."

Jumamosi iliyofuata nilishindwa kwenda. Mwalimu mmoja wa Kiswahili alikuwa ameleta mtihani wa kuchapisha, darasa baada ya darasa, na mashine yangu kubwa iliamua siku hiyohiyo kumeza karatasi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, mikono imejaa wino, mwalimu amekaa kwenye kiti cha wateja akihakiki kurasa na kuugua kila akikuta nukta imepotea, simu ikalia juu ya meza. Ulikuwa ujumbe wa mama wa kantini.

"Wifi amerudi! Njoo haraka kabla hajaondoka."

Nikacheka. Nikajifuta kidole kimoja, nikamjibu kwa Kiswahili chake, kumtania: "Mwambie aende zake. Huyo hata akirudi simtaki. Ameshanizoeza kuishi bila yeye."

Nikarudi kwenye mashine, nimeridhika kabisa na nafsi yangu. Nilikuwa nimeng'oa kipande cha kwanza cha karatasi simu ilipolia tena.

"Haya. Nimemsomea. Kweli una moyo wewe."

Nimemsomea? Nikausoma mara mbili. Nani anausomea mtandao ujumbe? Nikabaki nimepiga magoti, na kipande cha karatasi mkononi.

Nikampigia wifi. Namba haipatikani. Nikampigia mama wa kantini, akapokea akiwa ameshanuna.

"Mama, ni nani aliyerudi?"

"Wifi yako, nani mwingine! Kaja na darubini yake, kauliza kama bado unakuja. Nikamkalisha, nikampa chai, nikasema ngoja nimwite. Ndiyo ukajibu hivyo. Mtoto wa watu kaweka kikombe chini, kachukua mkoba."

"Mzuie!"

"Nimzuie na nini, na mwiko?"

"Mwambie nilidhani waifai!"

"Ulidhani nini?"

"Waifai! Ya simu! Waifai!"

Mtandao ukakata. Ningeiuma ile simu.

Mwalimu alikuwa ameshusha karatasi zake, ananitazama juu ya miwani. Nikamweleza kila kitu kwa pumzi moja, nikitafuta huku na huku ufunguo wa duka ambao ulikuwa shingoni mwangu. Nilitegemea aseme mtihani wangu je. Badala yake uso ulimng'aa kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Dada," akasema, "hayo ni makosa ya upatanisho wa kisarufi. Miaka yote nawaambia wanafunzi kwamba ngeli si mchezo, zinaweza kuvunja nyumba, wananicheka. Gari langu lipo nje. Twende."

Gari la mwalimu ni dogo na lina tabia zake. Njiani lilizimika mara moja kwenye taa na mara moja bila sababu, na kila likizima yeye alinieleza tofauti ya a na i, wakati mimi naomba dua zote ninazozijua. Niliogopa kweli. Kama wifi angepanda basi lake na maneno yale masikioni, angerudi hifadhini kwa lipi? Ningemfuata wapi, na kwa namba gani? Na ningeanza vipi, mimi niliyeshindwa hata na neno la pili baada ya habari?

Mama wa kantini alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umemtoa machozi," akasema kabla sijashuka vizuri.

"Mama, ubao wako! Wifi hayupo, wifi hayupo, kila siku! Nilijuaje kama leo ni mtu?"

Akageuka akautazama ubao. Akanitazama mimi. Mkono ukampanda kinywani taratibu. "Yesu na Maria," akasema, kisha akanisukuma begani. "Hajatoka langoni! Kasema anakwenda kukiaga kibanda. Kimbia!"

Nikakimbia. Kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda, nami si mtu wa mbio, na ndara si viatu vya mbio. Nilikuwa nimeshajaza kifua hewa nimwite kwa sauti yangu yote, ile inayosikika mtaa wa pili nikipiga chafya, nilipotokeza kona ya mwisho na kumwona. Amesimama kando ya benchi, mkoba begani, darubini machoni. Bila kugeuka akainua kiganja kimoja nyuma yake.

"Usije kwa kishindo," akasema kwa kunong'ona. "Utawafukuza."

Nikaganda. Maji yalikuwa yanajaa. Kutoka upande wa bahari walikuwa wanaingia sululu, kundi baada ya kundi, wakipiga ile miluzi yao inayopanda mwishoni, wakishuka kwenye fungu la mchanga na kukunja mabawa kwa uchovu wa safari ndefu. Sijawahi kuona wengi kiasi kile. Walisimama wakisukumana kama watu waliofika kwenye kituo chao hatimaye, wamechakaa, midomo mirefu imeinama, na wengine walikuwa bado hewani wakitafuta pa kuweka mguu.

"Nilikuwa naondoka," akanong'ona. "Wamenizuia."

Ninyi hamjui adhabu niliyoipata pale. Maneno yamenijaa mpaka mdomoni na siruhusiwi kuyasema ila kwa tone moja moja. Nikasogea kwa ncha za vidole, ndara mkononi, mpaka nikawa ubavuni pake. Macho yake yalikuwa mekundu chini ya darubini. Nikafungua mdomo bila kujua nitaanzia wapi.

"Wifi," nikasema.

Likatoka lenyewe. Nililihangaikia miezi yote ile, na kumbe lilikuwa palepale.

Nikamwona ameng'ata mdomo.

"Wifi, nilidhani ni waifai."

Darubini ikashuka kidogo. "Nini?"

"Mama aliandika wifi amerudi. Si unajua anavyoandika? Nikadhani mtandao. Nikamjibu kwa kumtania, nikasema simtaki. Mtandao, wifi! Mtandao ndio siutaki!"

Akanitazama. Akatazama ndara zangu mkononi na vidole vyangu vilivyojaa wino. Mabega yakaanza kumtikisika. Akajiziba mdomo kwa kiganja, akafumba macho, machozi yakamtoka upya, safari hii ya aina nyingine, na mimi nikimwona hivyo nami nikashikwa. Tulijitahidi, Mungu ni shahidi. Tuliinamiana kama wanafunzi wanaocheka mwalimu akiwa anaandika ubaoni. Lakini kicheko changu hakijawahi kujua kunong'ona. Kilipochomoka, fungu zima la mchanga lilipaa mara moja.

Wakazunguka juu yetu wote kwa pamoja, wakipiga miluzi, tukisikia upepo wa mabawa yao, nasi tumeshikana mikono tukicheka huku tumewatazama. Wakaenda mpaka kwenye maji makubwa, wakageuka, wakarudi. Wakatua palepale. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu.

"Sikujua nikuite nani," nikamwambia tulipokaa. "Kila nikiandika habari nakwama."

"Na mimi nilipobadilisha laini niliandika habari yako mara ngapi, nikafuta. Nilisema huyu ni dada yake, labda hataki hata kunisikia."

"Sasa wewe kwangu ni nani?"

"Umeniita nani uliponikuta hapa?"

"Wifi."

"Basi." Akainua darubini tena, akairudisha kwenye fungu la mchanga. "Mimi niliachana na kaka yako. Wewe nani alikwambia nimekuacha?"

Nikamwegemea bega, sululu wakapanga safu zao. Baada ya muda akauliza, bila kushusha darubini, wa kwanza kuwaona msimu huu ni nani, tuweke wazi mapema.

"Wewe," nikasema. "Vikombe nabeba mimi."

"Havipo vikombe. Changu kimebaki kantini."

"Nitakibeba hukohuko."

Tulipofika kantini tukamkuta mwalimu amesimama mbele ya ubao, kitambaa mkono mmoja na chaki mkono mwingine, na mama wa kantini kakaa kwenye ngazi kama mtu aliyekatazwa nyumbani kwake. Mwalimu alikuwa ameshafuta na kuandika upya: CHAI IPO. MAYAI YAPO. SODA HAZIPO. Amefika mstari wa chini, amesita. Akageuka akatutazama, akanionyesha wifi kwa chaki.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Akamwangalia kwa heshima, kisha akaurudia ubao, akafuta herufi mbili tu. WIFI YUPO. Akarudi nyuma hatua moja, akausoma kimoyomoyo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huo," akamwambia mama wa kantini, "ndio mstari pekee uliokuwa na kitenzi sahihi. Siugusi zaidi."

"Miaka yote namwambia kila mtu," akasema mama wa kantini. Akaingia ndani kutuwekea chai.

Tukiwa tunakunywa, mgeni mmoja mwenye kofia pana alisimama mlangoni, akausoma ubao, akatoa simu haraka. Akauliza kwa adabu kama anaweza kupata nenosiri, maana ubao unasema waifai ipo.

"Hujasoma vizuri, mwanangu," mama wa kantini akamwambia. "Yupo. Yule pale anayepuliza chai. Muulize mwenyewe."

Mgeni akamgeukia wifi yangu, amechanganyikiwa kabisa.

"Sululu," wifi akasema bila kucheka. "Kwa herufi ndogo."

Mgeni akashukuru, akaanza kuandika.

Wifi alirudi kazini kwake na basi la jioni, na namba yake mpya ninayo. Atakuja tena ndege wakianza kubadilika rangi. Mimi nakwenda kila Jumamosi nisipokuwa na mitihani ya watu. Chai ipo au haipo, mayai yapo au hayapo, mistari ya juu hubadilika kila asubuhi, na siku hizi mama wa kantini amerudia vitenzi vyake vya zamani. Mtandao ndio kwanza umekufa kabisa, wageni wanalalamika, wanasema ubao unawadanganya. Mama wa kantini anawajibu kwamba mwalimu mwenyewe ameupitisha. Ule mstari wa chini haufuti.